Pesa Iliingia kwa Jina Lake

Kadi ile niliiandika mimi, kwa mwandiko huu ambao kamati nyingi za harusi hapa Mwanza hunitafuta kwa ajili yake. Niliandika "Bw. na Bi.", kisha majina mawili ya mwanamume. Nilikuwa nimekabidhiwa daftari lenye kurasa tisa za majina, usiku umekwenda, na nimeshapita jina la mia moja. Sikuuliza. Jina lilikuwa limetoka kwenye daftari la harusi ya mtoto wa kwanza wa familia ile, likahamishiwa kwenye daftari la mtoto wa pili vilevile lilivyo, na kati ya harusi hizo mbili mwenye jina alikuwa amefariki dunia.

Mjane wake alikuja. Alifika ukumbini saa moja jioni, amevaa sare ya kitenge kama sisi wote wa upande wa bibi harusi, akampa kadi kijana wa mlangoni. Kijana akaisoma, akaona ni ya watu wawili, akachungulia nyuma ya yule mama, akamwuliza kwa adabu kabisa: "Mama, mzee bado anaegesha gari?" Nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale, nimeshika daftari la zawadi. Nikamsikia akijibu, "Hapana mwanangu, nimekuja peke yangu." Akapita, akaenda kukaa meza ya nyuma.

Wiki iliyofuata nilipanda daladala hadi Pasiansi kumwomba radhi. Alinipokea vizuri, akanichemshia chai ya maziwa, na hakutaka nilizungumze sana jambo lile. Wakati naaga ndipo akaniambia neno ambalo limegeuza kabisa kazi yangu ya kuandika kadi. "Mwalimu, ule mchango niliutuma mimi. Kwenye simu ya mweka hazina si lilitokea jina langu?"

Lilitokea. Nilikwenda kuangalia. Ujumbe wa muamala ulikuwa bado upo, una majina yake matatu kama yalivyosajiliwa kwenye laini: lake, la baba yake na la babu yake. Pesa iliingia kwa jina lake, kadi ikatoka kwa jina la marehemu mumewe.

Kila mtu hapa anaijua sentensi ya kwenye kadi. "Familia ya Bwana na Bibi fulani wa Buswelu, Mwanza, inayo furaha kukualika/kuwaalika", halafu unafuata mkururo: Bw./Bi./Mhe./Dkt./Prof., na mbele yake nukta nyingi za kujaza jina. Steshenari huuchapa mkururo huo kwa sababu ndivyo kiolezo cha kwenye kompyuta kilivyo. Mwandishi wa kadi anatakiwa akate yote yasiyohusika abakize moja. Wengi wetu hatukati. Tunakwenda moja kwa moja kwenye nukta, tunaandika jina, na mgeni anapokea kadi ambayo haikujisumbua kujua yeye ni nani. Kwa wanaume kosa hilo halionekani sana, maana Bw. inamtosha kila mwanamume, mwenye mke na asiye na mke. Mzigo wote uko kwa wanawake.

Nianze na Bi., neno letu zuri ambalo tunalionea haya bila sababu. Huku kanda ya ziwa, bibi ni mama yake mama au mama yake baba. Binti wa miaka 26, mhasibu, akipokea bahasha iliyoandikwa "Bibi" kwa kirefu anaona amezeeshwa. Nimewahi kurudishiwa kadi kwa sababu hiyo. Lakini Kiswahili cha pwani kinalijua neno hili kwa maana yake ya kwanza: mwanamke wa heshima, mwenye nyumba yake na kauli yake. Bibi Titi Mohamed alizaliwa mwaka 1926. Alipoanza kuwaongoza wanawake wa TANU mwaka 1955 hakuwa hata na miaka thelathini, na nchi ilimwita Bibi. Hakuna aliyekuwa anamhesabia wajukuu. Na Zanzibar, Fatuma binti Baraka, mwimbaji wa taarabu na unyago aliyefariki mwaka 2013, alijulikana dunia nzima kama Bi Kidude, na jina la baba yake halikumtoka.

Basi mimi huandika Bi., kwa kifupi na nukta yake, kwa kila mwanamke mtu mzima asiye na cheo kingine anachokitumia. Bi. haisemi kama ameolewa, hajaolewa, ameachika au amefiwa. Inasema huyu ni mwanamke na tunamheshimu. Kadi haihitaji kujua zaidi ya hapo.

Wenzetu wamelitafuta neno la namna hiyo kwa taabu kubwa. Nafundisha Kiingereza na Kiswahili, na darasani huwaeleza watoto kwamba Mrs na Miss yametoka kwenye neno moja, mistress, ambalo zamani lilikuwa karibu sana na Bibi ya pwani yetu: mwanamke mwenye mamlaka ya nyumba. Baadaye Waingereza wakaligawa, nusu ya walioolewa, nusu ya wasioolewa, na hapo ndipo ulipozaliwa mzigo wa kujua habari za ndoa ya mtu kabla ya kumwandikia barua. Kwa desturi yao ya kale, mke alibeba kwenye bahasha hata jina la kwanza la mumewe, na mjane aliendelea kulibeba mume akiwa kaburini. Ms ilipoanza kuenea Marekani miaka ya 1970, ili mwanamke atajwe bila ndoa yake kutajwa, ilipata upinzani mwingi. Gazeti la New York Times halikulikubali neno hilo kwenye kurasa zake mpaka mwaka 1986. Ujerumani Magharibi iliacha kutumia Fräulein kwenye maandishi ya serikali mwaka 1972. Ufaransa iliondoa Mademoiselle kwenye fomu zake za serikali mwaka 2012. Muda wote huo sisi tulikuwa na Bi. Ndiyo maana nikiona kadi iliyochapwa Mwanza, kwa Kiswahili safi, katikati yake imemwalika "Miss" fulani au "Mrs" fulani, naumia. Tumeazima mzigo ambao wenyewe wanahangaika kuutua.

Kizazi cha wazazi wangu kilikuwa na neno jingine: Ndugu. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 lilishika kila mahali, likamkuta mkurugenzi na mfagiaji, mwanamke na mwanamume, likawaita wote sawa. Baba yangu, aliyekuwa karani wa pamba, aliandika Ndg. mpaka kwenye barua alizomwandikia mama alipokuwa safarini. Bado linaishi ndani ya CCM, na linaishi kwenye meseji za michango: "Ndugu mpendwa, kamati inakukumbusha ahadi yako." Kwa tangazo au barua ya kwenda kwa mtu usiyemjua, sijaona neno bora kuliko hilo. Kwa kadi ya harusi naliona limepoa kidogo. Mwenye kualika anatakiwa aonyeshe kwamba anakujua.

Sasa Mama. Hapa ndipo kwenye kazi.

Mwanamke akishajifungua, jina lake la shule linaanza kufifia. Mtaani anakuwa Mama Neema. Kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, Mama Neema. Kanisani, dukani, kwa mwenye nyumba, Mama Neema. Nikifungua daftari la kamati nakuta safu nzima: Mama Neema wa Igoma, Mama Neema wa Mkolani, Mama Neema wa dagaa, yaani anayefanya biashara pale Mwaloni, na Mama Neema mrefu. Katibu anawajua wote kwa sura. Msambazaji wa kadi hawajui, na mara mbili nimeshuhudia kadi ya mmoja ikienda kwa mwingine, aliyechangia akabaki nyumbani akiamini amesahauliwa.

Siupingi Umama, nataka nieleweke. Mzee wa Kisukuma akikuamkia asubuhi "Mwangaluka mayu", na mayu maana yake ni mama, moyo unatulia hata kama wewe ni rika la binti yake. Mtoto wa jirani akisema "Shikamoo mama", amenipa heshima yangu yote na sina la kuongeza. Lakini hayo ni ya mdomo. Mdomo una sauti, una macho, una mikono inayokupokea mzigo. Ukikosea kidogo, tabasamu linarekebisha. Karatasi haina vitu hivyo. Karatasi inasomwa na kijana wa mlangoni asiyekujua, inakaa kabatini miaka ishirini, na wajukuu wataikuta. Undugu na uzazi uwe wa kutamkwa wakati wa kukabidhi kadi: "Shangazi, nimekuletea kadi yako." Kadi yenyewe iwe na jina lake. Pale ambapo jina hilo halitajulikana kwa wahusika, naandika yote mawili: Bi., jina lake na la baba yake, halafu mkato, Mama Neema. Mkato huo unaniokoa sana.

Kuna mama mmoja wa Kirumba ambaye mwanawe wa kwanza alikwenda ziwani na mtumbwi wa dagaa, usiku wa upepo, hakurudi. Mtaa mzima ulikuwa umemwita kwa jina la kijana yule kwa zaidi ya miaka ishirini. Baada ya msiba watu wakagawanyika. Wengine kwa huruma wakahamia kwenye jina la mtoto wa pili. Wengine kwa mazoea wakabaki na la kwanza, wakishalitamka wanashika mdomo. Kwenye daftari la kamati alikuwa ameandikwa mara mbili, kwa majina mawili tofauti, kana kwamba ni watu wawili. Nilikaa na kalamu muda mrefu. Mwisho nikafunga daftari, kesho yake baada ya vipindi nikamfuata kwenye kibanda chake, nikamsalimia, nikamwuliza niandike nini. Hakukasirika. Aliendelea kupanga mafungu yake ya samaki, akasema, "Andika la yuleyule. Mkiacha ninyi, nani mwingine atalitaja?"

Nikaandika.

Nilidhani nimepata kanuni. Miezi michache baadaye nikakutana na mama mwingine, wa Nyakato, naye amezika kifungua mimba wake, nikajiamini, nikamwandikia kwa jina la marehemu. Alinipigia simu mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya upole. Akaniomba nimwandikie kadi nyingine yenye jina lake yeye, lile la ubatizo, kwa sababu lile jingine hawezi kulisoma likiwa kwenye bahasha ya sherehe. Wanawake wawili, msiba uleule, majibu mawili yanayopingana, na wote wako sahihi. Baada ya hapo nimeacha kutafuta kanuni kwenye Umama. Nauliza tu.

Na wapo wasiozaa. Mwalimu mwenzangu mmoja, mwanamke hodari, watu humwita Mama peke yake, hakuna kitu mbele. Aliniambia akisikia hivyo anahisi kama wanasubiri amalizie. Yeye anataka Mwl. na jina lake, kwa sababu ualimu aliusomea na kuufanyia kazi, na wanafunzi aliowafundisha wamejaa kuanzia Buhongwa hadi Bwiru. Kumwandikia Mwl. hakunigharimu chochote.

Jambo ambalo kamati za mjini hazipendi kulitazama ni nyumba zenye wake wawili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya namna hiyo, na ukitoka Mwanza ukaenda Magu, Misungwi au Kwimba utazikuta, na watoto wao ndio hawa tunaowaoza mjini. Halafu tunatuma kadi moja: "Bw. na Bi." Bi. yupi? Unampelekea mzee wa watu ugomvi kwenye bahasha ya dhahabu. Maneno bimkubwa na bimdogo yana kazi yake ndani ya nyumba hiyo, wenyewe wanajua namna ya kuyatumia. Mgeni kuyaandika kwenye karatasi ni kuingia chumbani bila kubisha hodi. Mara ya kwanza nilipokutana na jambo hilo niliandika kadi tatu: ya mzee, ya mama wa kwanza, ya mama wa pili, kila moja na jina la mwenyewe. Mweka hazina akalalamika kwamba kadi zimechapwa kwa hesabu. Nikamwomba afungue simu yake. Wote watatu walikuwa wamechangia, kila mmoja kwa laini yake.

"Na Mkewe" ndiyo inayoniuma kuliko zote. Nasema kwa kuwa imenipata. Mwenzangu wa kazini alikuwa anamuaga binti yake. Nilikuwa nimeahidi shilingi 100,000, nikazilipa kidogokidogo kwa mishahara miwili, nikashona sare, nikahudhuria vikao Jumapili nne mfululizo. Kadi ilipoletwa nyumbani nilikuwa sokoni. Mume wangu aliipokea. Nilipofika alinikabidhi huku anashangaa: "Hii si ya watu wa shuleni kwenu? Mbona wameniandikia mimi?" Iliandikwa Bw., jina lake, na Mkewe. Hajawahi kukutana na familia ile hata siku moja. Mimi niliyekaa vikao vinne sikuwa na hata herufi moja yangu kwenye karatasi. Nilikwenda, nilicheza, nilimpenda yule binti na bado nampenda. Lakini kadi nyingine zote za mwaka ule zimo kwenye boksi langu, ile sikuiweka.

Kwa wanandoa sasa naandika majina mawili kamili, moja chini ya jingine, kila jina na cheo chake. Anayetangulia ni yule ambaye familia inamfahamu. Kama mke ndiye rafiki wa nyumba, mke anaanza. Kama ni mume, mume anaanza. Wapo wazee wanaoniambia mwanamume lazima atangulie, na kwa familia inayotaka hivyo nawaandikia hivyo, kadi ni yao. Ninachokataa ni jina la mtu kufutika. Hata ukisema nafasi ni ndogo, punguza maua, usipunguze mtu.

Mpangilio huo unaponya pia tatizo la vyeo. Mwanza ni mji wenye hospitali ya Bugando na vyuo, na madaktari wanawake tunao wengi. Nimeona bahasha ya "Dkt. na Bi." iliyokwenda kwenye nyumba ambayo daktari ni mke. Aliyeandika alisikia nyumbani kwa fulani kuna daktari, akaamua mwenyewe ni nani. Na nimeona tabia ya kuandika Dkt. kisha kuongeza Mrs kwenye mabano, ili watu wajue daktari huyo ni mwanamke na kwamba ameolewa. Kiswahili hakijaomba msaada huo. Daktari, mwalimu, mhandisi, spika, rais: maneno haya hayana jinsia. Anna Makinda alipokalia kiti mwaka 2010, mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge letu, wabunge waliendelea kusema "Mheshimiwa Spika" kama walivyosema kwa waliomtangulia, na lugha haikutikisika. Rais Samia Suluhu Hassan alipoapishwa Machi 2021 ilikuwa vilevile, Mheshimiwa Rais, huku mitaani watu wakimwita Mama kwa namna yao.

Kwa mfano wa mtu wa ziwa hili, sina bora kuliko Gertrude Mongella, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe. Alikuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa wanawake wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Beijing mwaka 1995, na tangu siku zile watu wamemwita Mama Beijing. Amekuwa waziri, amekuwa mbunge wa Ukerewe, ameiwakilisha nchi India, na mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Mama Beijing ni jina la upendo, na mtu akilipiga kelele uwanjani Nansio litaeleweka mara moja. Lakini kama ningepewa bahasha ya kumwandikia ningeandika Mhe. Balozi na majina yake, maana hivyo ndivyo vyeo alivyovifanyia kazi. Upendo ungesubiri kwenye salamu.

Kosa moja la kanisani lazima nilitaje. Huku kwetu mke wa mchungaji huitwa Mama Mchungaji, na ni cheo cha heshima chenye kazi nyingi. Siku hizi tunao wanawake waliowekewa mikono, ni wachungaji wenyewe, wanabatiza na kufungisha ndoa. Mtu akimwandikia mmoja wao "Mama Mchungaji" amemshusha madhabahuni akamkalisha kwenye benchi la mbele bila kukusudia. Yeye ni Mch., basi, kama mchungaji mwingine yeyote. Vivyo hivyo Hajjat aandikwe Hajjat, maana ile safari ya Maka aliifanya kwa miguu yake. Mtawa ni Sista. Kwa muuguzi, ambaye wodini huitwa sista pia, nauliza, kwani wengine wanaipenda hiyo hata nje ya kazi na wengine wanaiacha na sare.

Barua za ofisini hazina mengi. Ukiwa humjui mwenye kiti, andikia kiti: Mkurugenzi, Afisa Mtendaji wa Kata, Mwalimu Mkuu. Zuio langu ni moja, ile "Bwana" tunayoibandika mbele ya cheo kwa mazoea. Wazazi hunitumia barua za ruhusa za watoto zikianza na "Bwana Mwalimu", wakati mtoto mwenyewe kila asubuhi ananiamkia "Shikamoo madamu". Nimeanza kuwafundisha wanafunzi wa darasa la sita kwamba kabla ya kuandika Bwana wajiulize wamemwona huyo bwana wapi. Wanacheka, lakini barua zao zimebadilika. Na kwa meseji za simu za kikazi, mwanamke usiyemzoea asiitwe mrembo wala mpenzi wala anti. Bi. na jina lake inatosha. Au dada, kama mmelingana.

Mwenyekiti wa kamati niliyonayo sasa aliposikia ninataka kuuliza kila mgeni wa kike anaandikwaje, alishika kichwa. Wageni 220, siku zimebaki kumi na moja. Nikamwonyesha njia. Hatuna haja ya kuwauliza wote. Mweka hazina ana miamala kwenye simu, kila mmoja una majina kamili ya aliyetuma. Tukakaa naye jioni moja kwenye baraza lake Nyegezi, yeye anasoma, mimi naandika, na ndani ya muda wa saa mbili, nusu ya wanawake wote waliokuwa "Mama Fulani" na "Mke wa Fulani" kwenye daftari wakapata majina. Ya baadhi yao hata katibu hakuwahi kuyasikia, na wamekaa mtaa mmoja miaka kumi. Tulikuwa tunasimama katikati ya kusoma tunasema, kumbe anaitwa hivi.

Waliobaki nimewatumia meseji moja inayofanana: "Shikamoo mama. Mimi ndiye ninayeandika kadi za harusi ya Jumamosi ya tarehe 14. Naomba unielekeze jina na cheo ungependa niandike kwenye kadi yako." Kwa walio rika langu nabadilisha salamu tu. Niliogopa wataona nawasumbua. Majibu yamekuja haraka kuliko michango ilivyokuja. Mmoja amesema Bi., na jina la baba yake, la mume aliliacha mahakamani. Mmoja amesema Mama na jina la mjukuu, kwa sababu ndiye anayemlea. Mmoja amesema Mhandisi, akaandika na herufi za kifupi anazozitaka. Wawili wamejibu "vyovyote tu mwalimu", na hao nimewaandikia majina yao kamili na Bi. mbele.

Leo asubuhi kumeingia ujumbe wa sauti kutoka ng'ambo ya Kigongo. Ni mama mtu mzima, nyuma yake unasikia kuku na mtoto analia. Amenisalimia Kisukuma, ameuliza hali ya nyumbani, hali ya kazi, hali ya mvua, kisha akataja jina lake polepole, herufi kwa herufi, kama mimi ndiye mwanafunzi. Kadi yake ya mwisho, amesema, walimwandika kwa jina la mumewe, na ya kabla ya hapo walijaribu jina lake wakalikosea mwanzo. "Ni ng' ya ng'ombe, mwalimu, siyo ya ngoma. Usisahau kile kialama cha juu."

Nimechukua kalamu nyeusi, ile ya ncha nyembamba, nikaanza na kialama.